Wateuzi wa Mawe wa Konso
Huko Konso, kusini mwa Ethiopia, wapo wanawake wanaoparua ngozi za ng'ombe kwa vipande vya mawe walivyovichonga wenyewe, na ugumu wa kazi yao huanza kabla ya pigo la kwanza, katika kulitafuta jiwe lenyewe. Gumegume, yaani jiwe gumu lenye chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, hufaa pale tu lisipokuwa na ufa ndani, kwa kuwa ufa mdogo hupotosha mpasuko na kuharibu makali. Jiwe zima likigongwa hulia kwa sauti kali, lenye ufa hutoa sauti butu. Wanaakiolojia wanaofasiri zana za kale wamejifunza mengi kwa wanawake hao, ingawa katika jamii ya Konso mafundi wa ngozi wamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa tabaka la chini.