Hewa Ndani ya Garibaldi

Garibaldi ni kokteli ya viungo viwili tu: Campari na juisi ya machungwa. Waitaliano huinywa kabla ya chakula cha jioni, na imepewa jina la Giuseppe Garibaldi, aliyeongoza wapiganaji wa mashati mekundu kuiteka Sicily mwaka 1860. Wekundu wa Campari ndio mashati, machungwa ndiyo kisiwa. Lakini kinywaji chenye viungo viwili hakina pa kujificha. Ukikitia juisi ya pakiti, kinakuwa kizito, kitamu cha kukinaisha.

Baa ya Dante iliyoko mtaa wa MacDougal, New York, haikuongeza kiungo cha tatu. Ilibadilisha ukamuaji.

Machungwa hupitishwa kwenye mashine ya umeme yenye diski ya meno inayozunguka kwa kasi kubwa. Diski inasaga nyama ya chungwa, kisha mzunguko unairusha juisi kwenye chujio ikiwa imechanganyika na hewa. Inayotoka imeumuka, nyepesi, rangi imepauka kidogo. Vipovu havipasuki mara moja kwa sababu pektini na chembe za nyama ya chungwa huvishikilia. Kumenya kwanza ni lazima: ganda likisagwa, mafuta yake na ule utando mweupe huleta uchungu mwingine unaogombana na wa Campari.

Umiminaji nao una hesabu yake. Vipande viwili vya barafu kwenye glasi, mililita 45 za Campari, juisi kidogo, halafu koroga. Kukoroga kunafanyika hapo, mapema, maana glasi ikishajaa kijiko kitaua povu. Ongeza barafu, kisha jaza juisi. Juisi yote pamoja ni kama mililita 120. Campari inayouzwa Marekani ina kilevi asilimia 24, kwa hiyo kabla barafu haijayeyuka glasi ina asilimia 6.5 hivi. Mtu atafika mezani akiwa na akili zake.

Kwa maoni yangu, hewa haipunguzi uchungu wa Campari, inauchelewesha tu. Ulimi unapokea povu na utamu, uchungu unafuata nyuma. Gharama yake ni muda: juisi lazima ikamuliwe mteja akishaagiza, na baa ikifurika hilo ni balaa kwa mhudumu.

Asiye na mashine hiyo anaweza kukamua kwa mkono, akatoa mbegu, akaipiga juisi kwenye blenda. Povu litapatikana, ila vipovu vyake ni vikubwa na hushuka upesi.