Fundi wa Nne

Anayenunua pikapu ndogo ya plastiki iliyounganishwa na mtu mwingine miongo sita iliyopita hununua kazi ya mafundi watatu kwa mpigo. Wa kwanza ni wahandisi wa Ford, waliotoa F-100 mwaka 1953, kampuni yao ilipotimiza miaka 50. Wa pili ni wachongaji wa AMT, kampuni iliyozaliwa mwaka 1948 upande wa Detroit, ambao katika miaka ya 1960 waliipunguza pikapu hiyo mara 25 na kuiuza vipandevipande ndani ya boksi. Wa tatu ni mtoto wa Kimarekani asiyejulikana jina, aliyeminya tyubu ya gundi na kutaka gari liwe tayari kabla ya chakula cha jioni. Mrekebishaji ni fundi wa nne. Uzuri wa ufundi wake umo katika hukumu: kila kosa analolikuta mbele yake lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana haki yake.

Tuanze na mtoto, maana makosa yake ndiyo yanayojitokeza kwanza. Gundi imefurika kwenye maungio, alama za vidole zimeyeyukia juu ya paa, na rangi ya brashi imejaa hadi mistari ya milango imefifia. Yote hayo yana dawa. Gari likilala usiku mmoja kwenye friza, gundi kuukuu hukakamaa, na maungio mengi huachia ukiyapinda taratibu. Rangi hutoka bodi ikilowekwa kwenye mafuta ya breki kisha ikasuguliwa kwa mswaki, mikono ikiwa ndani ya glavu. Krome iliyochakaa ni utando mwembamba wa alumini, na jiki huumaliza upesi. Bampa lililokatika hujazwa kwa puti ya nyumbani: masalia ya fremu iliyoshika vipande huyeyushwa ndani ya gundi, kisha uji huo ukikauka huwa plastiki ileile ya gari, inayopigwa msasa bila kuacha mpaka. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Kuna ubovu, hata hivyo, ambao mtoto husingiziwa. Matairi laini ya vinili huvuja polepole mafuta yaliyotiwa kiwandani ili yawe laini, na mafuta hayo huiyeyusha plastiki ngumu yanapoigusa kwa miaka mingi. Boneti yenye kovu la mviringo ililaliwa na tairi ndani ya boksi, na hakuna aliyeiharibu. Na sisi tuliokua tukiyasukuma magari ya makopo yenye magurudumu ya ndala tuna la kumtetea mtoto huyu. Gari lilikuwa la kuchezea. Bampa lililokatika kwa kugonga ukuta linathibitisha kwamba lilichezewa ipasavyo. Litengenezwe, lakini bila dharau. Na kama chini ya chasisi pamekwanguliwa jina kwa ncha ya msumari, msasa usifike hapo.

Fundi wa pili ana udhuru wa namna nyingine, kwa kuwa alibanwa na chuma na pesa. Zama zake, kielelezo kilichongwa mara nyingi kwa mbao, kikiwa kikubwa kuliko kitakachouzwa, kisha mashine ya pantografu ikakifuata na kukipunguza wakati ikichonga kalibu ya chuma. Kipande kilipaswa kuchomoka katika kalibu bila kukwama, kwa hiyo matundu yakazibwa na kingo zikaachwa nene. Boksi moja liliahidi magari matatu, la kawaida, la kurembwa na la mashindano, na vipande vililazimika kukubaliana na yote. Ili magurudumu yazunguke, seti nyingi zilipitishiwa ekseli ya chuma katikati ya injini, jambo ambalo fundi yeyote wa gereji angelicheka.

Hapa ndipo kuboresha kunapohalalishwa, na hesabu ndiyo mwamuzi. Ukingo wa madigadi wenye unene wa milimita 1 ni sawa na chuma cha milimita 25 katika gari halisi, unene wa kifaru. Fundi huukwangua kwa kisu upande wa ndani, kidogo kidogo, mpaka plastiki ionekane bati. Ekseli hukatwa, tundu la injini likazibwa, na kila gurudumu likapata mahali pake pa kushikia.

Kisha kuna waya za plagi. V8 ya Ford ya mwaka 1953 ilikuwa na valvu za pembeni, na plagi zake zilisimama juu ya vichwa vya silinda, boneti ikifunguliwa zinaonekana zote. Waya halisi una unene wa milimita 7, na ukiugawa kwa 25 unapata 0.28. Fundi hutafuta uzi wa shaba wa unene huo ndani ya waya kuukuu wa umeme, akatoboa kifuniko cha distribuita kwa keekee ya mkononi nyembamba kama sindano, akaanza kugawa: 1, 5, 4, 8, 6, 3, 7, 2. Huo ndio mpangilio wa kuwaka wa injini hiyo. Injini ya plastiki haitawaka kamwe, na bado fundi hukosa raha akijua kwamba waya wa silinda ya tano umeingia kwenye ya nne.

Hesabu hiyohiyo humzuia pia. Rangi ya milimita 0.1 ni koti la milimita 2.5 kwenye gari kubwa, ndiyo maana hupulizwa nyepesi, tabaka kwa tabaka. Sakafu ya karai la F-100 ilikuwa ya mbao zilizoshikwa na vipande vya chuma, na kishawishi cha kutandika mbao halisi ni kikubwa. Lakini nyuzi za ubao hazipungui mara 25, kwa hiyo ubao wa kweli wenye nyuzi pana huonekana wa uongo zaidi kuliko plastiki iliyopakwa rangi vizuri.

Anabaki fundi wa kwanza, na makosa yake hayaguswi. F-100 ilikuwa gari la kubeba nyasi, saruji na vyuma. Nafasi za milango yake hazikuwa sawa kama za saa ya mkononi, na rangi yake haikung'aa kama kioo. Anayeisawazisha kila mahali mpaka iwe safi kuliko ilivyotoka kiwandani ametengeneza gari ambalo Ford hawakulitengeneza.

Tena fundi wa nne asijidanganye kuwa ndiye wa mwisho. Gundi iwe ile itakayoachia, matairi yatenganishwe na rimu kwa utando wa rangi au karatasi ya alumini, na jina la rangi iliyotumika liandikwe chini ya chasisi. Atakuja wa tano, naye ataona makosa ambayo sisi tunayaita maboresho. Tumwachie kazi inayofunguka.