Mpangilio wa Usikilizaji na Maana ya Uasisi: Msikilizaji Mgeni Mbele ya Rekodi za Francis Bebey

1.0 Utangulizi

Francis Bebey alizaliwa Douala, Kameruni, tarehe 15 Julai 1929, na kufariki dunia Paris tarehe 28 Mei 2001. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa mtangazaji wa redio, mtumishi wa UNESCO, mwandishi wa riwaya, mtafiti wa muziki, mpiga gitaa na mwimbaji. Hata hivyo, msikilizaji anayekutana na kazi zake kwa mara ya kwanza katika karne hii huelekea kumpokea kwa sifa moja tu, nayo ni uasisi wa muziki wa kielektroniki barani Afrika. Sifa hiyo imeenezwa hasa na mkusanyo uitwao African Electronic Music 1975–1982, uliotolewa Ufaransa na lebo ya Born Bad Records mwaka 2011, miaka kumi baada ya kifo chake.

Makala haya yanachunguza namna mkusanyo huo unavyomwongoza msikilizaji mgeni, kile anachokipata na kile anachokosa. Hoja inayojengwa ni kwamba mlango anaopitia mgeni kuingia katika rekodi za msanii huathiri hukumu atakayoitoa, na kwamba katika kazi za Bebey mlango wa mashine, ingawa ni wa halali, unaficha kiini cha sanaa yake. Kiini hicho ni usimulizi na sauti ya binadamu.

2.0 Mwongozo wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya upeo wa matarajio iliyoendelezwa na Hans Robert Jauss katika Chuo Kikuu cha Konstanz kuanzia mwaka 1967. Kwa mujibu wa Jauss, hakuna msomaji anayeikabili kazi ya sanaa akiwa mtupu. Kila msomaji huja na matarajio yaliyojengwa na kazi nyingine alizozisoma, desturi za utanzu husika na taarifa zinazoizunguka kazi yenyewe. Thamani ya kazi huonekana pale inapoyatimiza, inapoyapinga au inapoyapanua matarajio hayo.

Ingawa nadharia hii ilizaliwa katika uhakiki wa fasihi andishi, inafaa pia katika rekodi za muziki. Jalada la santuri, jina la mkusanyo, miaka iliyotajwa na mfuatano wa nyimbo ni taarifa zinazomwandaa msikilizaji kabla hajasikia noti ya kwanza. Kwa msikilizaji mzoefu, taarifa hizo ni nyongeza. Kwa mgeni, taarifa hizo zenyewe ndizo upeo wake wa matarajio.

3.0 Mlango wa Kwanza: Mashine

Jina la mkusanyo wa mwaka 2011 linatoa ahadi mbili: kwamba muziki huu ni wa Kiafrika na kwamba ni wa kielektroniki. Mgeni anayeusikiliza huku akizishika ahadi hizo hutega sikio kwanza kwenye mashine ya ngoma, kinanda cha umeme na sinthesaiza. Masikio yake hayadanganyiki, kwa kuwa vyombo hivyo vimo na vimetumiwa kwa ubunifu. Mapigo ya mashine yako wazi, hayakufunikwa na mapambo, na juu yake kuna besi inayorudiarudia, gitaa na sauti ya Bebey inayohama kutoka kuzungumza hadi kuimba na kurejea tena.

Tatizo linaanza na miaka. Mwaka 1975 unaoufungua mkusanyo unafuata mara moja mwaka 1974, ambapo Bebey aliacha kazi yake UNESCO, alikoanza mwaka 1961, ili aishi kwa muziki na uandishi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kuhusu utangazaji wa redio katika Afrika (1963), riwaya ya Le Fils d'Agatha Moudio (1967), iliyomletea Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika mwaka uliofuata, na kitabu cha Musique de l'Afrique (1969). Alikuwa pia amejulikana kama mpiga gitaa wa jukwaani. Mgeni anayeanzia 1975 anamkuta mtu wa miaka arobaini na kitu akionekana kama kijana anayejaribu vifaa vipya, ilhali ukweli ni kwamba msomi aliyekomaa alikuwa akitafuta namna mpya ya kusema jambo alilokwisha kulisema kwa njia nyingine.

Aidha, matumizi ya mashine yana maelezo ya kawaida kuliko neno uasisi linavyodokeza. Bebey alirekodi sehemu kubwa ya kazi zake mwenyewe na kuzitoa kupitia lebo yake, Ozileka. Kwa msanii asiye na bendi ya kudumu, mashine ya ngoma ilikuwa mpiga ngoma aliyepatikana wakati wowote. Kulisema hili si kumshusha. Linaonyesha kuwa teknolojia iliingia katika kazi zake kama mtumishi wa masimulizi, na kwamba hakuifuata kwa ajili yake yenyewe.

4.0 Mlango wa Pili: Hadithi

Dai hili linathibitishwa na nyimbo zilizomo katika mkusanyo huohuo. Wimbo wa "Agatha" unamleta mume anayemkabili mkewe kuhusu mtoto ambaye rangi yake inakanusha ubaba wake. Mgeni asiyejua riwaya ya 1967 huusikia kama kichekesho kilichopambwa na mdundo wa kuvutia. Anayeijua riwaya hutambua kisa cha Mbenda, mvuvi wa kijiji cha pwani, ambaye anampenda Agatha Moudio dhidi ya matakwa ya mama yake na wazee, na mwishowe anakabiliwa na mtoto asiyefanana naye. Katika riwaya kisa hicho kinachukua kurasa nyingi, kikiibua maswali ya ukoloni, mamlaka ya wazee na uhuru wa kuchagua mchumba. Katika wimbo, yote hayo yamebanwa katika sauti ya mtu mmoja anayelalamika. Mtoto huyo mmoja anabeba historia ya mkutano wa Waafrika na wageni waliowatawala, na kicheko cha msikilizaji kinachanganyika na uchungu.

"La Condition masculine" nao ni masimulizi. Mume anaeleza jinsi mkewe, aliyekuwa mtiifu, alivyobadilika baada ya kusikia habari za haki za wanawake. Mbinu inayotumiwa ni kejeli ya msimulizi asiyeaminika: kadiri mume anavyojitetea ndivyo anavyojifichua. Hata hivyo, hapa uhakiki hauna budi kutaja udhaifu. Mke hapewi nafasi ya kusema kwa kinywa chake, na mzaha unategemea kabisa uwezo wa msikilizaji kumcheka mume. Anayekubaliana na mume anaweza kuusikiliza wimbo mzima bila kusutwa. Mdundo wa mashine, ambao haubadiliki mume anaposema kweli wala anapojidanganya, haumsaidii msikilizaji kuamua. Huu ndio mpaka wa mashine katika sanaa ya kejeli: inashika wakati barabara, lakini haikonyezi jicho.

5.0 Mlango wa Tatu: Sanza na Filimbi

Mwaka 2014 lebo hiyohiyo ilitoa mkusanyo wa pili, Psychedelic Sanza 1982–1984. Sanza ni chombo chenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba juu ya ubao au kisanduku. Kipo katika ukoo mmoja na likembe ya Kongo na ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo Hukwe Zawose aliifikisha katika majukwaa ya kimataifa. Msikilizaji anayeijua ilimba haingii katika mkusanyo huu akiwa mgeni kamili. Upeo wake wa matarajio una mlio wa vijiti unaoandamana na mvumo mwembamba, na una sauti ya mtu inayotoka na kurudi ndani ya mlio huo.

Katika vipande kama "Forest Nativity" na "Sanza Nocturne", chombo hiki ndicho kinachotawala. Ulinganisho na kundi la Konono N°1 la Kinshasa unasaidia. Konono waliikuza likembe kwa vipaza sauti hadi ikakwaruza, na albamu yao ya Congotronics (2004) ikaufanya mkwaruzo huo kuwa uzuri mpya. Bebey alifuata njia nyingine. Aliiacha sanza ibaki na unyenyekevu wake, akaisogeza karibu na maikrofoni, kisha akaweka sauti nyingine kuizunguka. Kwa Konono umeme unakibadilisha chombo, ilhali kwa Bebey umeme unakihifadhi.

Msimamo huo unaafikiana na hoja kuu ya Musique de l'Afrique, kwamba mwanamuziki wa Kiafrika hatafuti kupanga sauti zipendeze sikio tu, bali anatafuta kuyatafsiri maisha kwa njia ya sauti. Kwa kipimo hicho, swali la kumuuliza Bebey halihusu nani alitangulia kutumia mashine. Linahusu maisha gani yanatafsiriwa, na kwa niaba ya nani.

Swali la niaba lina uzito hasa kuhusu filimbi. Bebey alipiga filimbi ya noti moja kwa ufundi unaopatikana kwa jamii za wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati: mpigaji hupuliza noti, kisha huimba, kisha hupuliza, hadi pumzi na sauti vikawa uzi mmoja. Ufundi huo umo katika "The Coffee Cola Song". Mwaka 2017 kundi la Arcade Fire la Kanada lilitumia kiini cha wimbo huo katika "Everything Now", na filimbi ikapigwa na Patrick Bebey, mwana wa msanii. Jambo hili linaitikisa sifa ya uasisi wa kielektroniki kuliko hoja yoyote ya kinadharia. Kilichosafiri kutoka katika rekodi za mwasisi huyu hadi kwa hadhira kubwa ya dunia hakikuwa mashine. Kilikuwa pumzi ya mtu ndani ya kipande cha mti.

Papo hapo, pumzi hiyo ina wenyewe. Bebey, mzaliwa wa mji wa bandari na mkazi wa Paris, alizipa baadhi ya nyimbo zake majina yanayowataja watu wa misitu kwa jina la jumla walilopewa na wageni, bila kuitaja jamii mahususi. Alichofanyiwa yeye na mkusanyo wa 2011, yaani kukatwa kipande na kubandikwa jina, kwa kiasi fulani aliwafanyia wao. Tofauti ni kwamba katika maandishi yake ya kitaalamu alijitahidi kueleza vyombo na watu wanaovitumia. Msikilizaji wa santuri peke yake, hata hivyo, hapati maelezo hayo.

6.0 Tathmini ya Mikusanyo

Ingekuwa dhuluma kuilaumu mikusanyo bila kukiri mchango wake. Santuri asilia za Ozileka zilikuwa nje ya uwezo wa wasikilizaji wengi, na bila kazi ya wakusanyaji pengine mjadala huu usingekuwapo. Uteuzi wao pia ni mwaminifu kiasi kwamba ushahidi wa kuipinga jalada umo ndani ya nyimbo zenyewe.

Kasoro iko katika kipimo. Neno mwasisi humpima msanii kwa saa ya watu waliokuja baadaye. Humsifu kwa kufika mapema mahali ambapo wengine walitaka kwenda, bila kuuliza iwapo yeye mwenyewe alikuwa akielekea huko. Kwa msanii wa Kiafrika anayegunduliwa upya Ulaya, kipimo hicho kina hatari ya pekee, kwa sababu kinaweza kumpa heshima na wakati uleule kumnyang'anya dhamira yake.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa rekodi za Francis Bebey zina milango isiyopungua mitatu, na kwamba kila mmoja unazaa msanii tofauti akilini mwa mgeni. Mlango wa mashine unamzaa mjaribu vifaa, wa hadithi unamzaa mcheshi mwenye uchungu, na wa sanza na filimbi unamzaa mtafiti anayesikiliza vyombo vya wengine. Mpangilio unaopendekezwa ni kuanza na "Agatha" sambamba na riwaya iliyoutangulia, kufuata na vipande vya sanza, kisha kurudi kwenye mkusanyo wa 2011. Atakayefuata njia hiyo ataisikia mashine ya ngoma mahali pake, chini ya sauti ya mtu anayesimulia.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hana mazoea ya kumzuia kuuliza kwa nini jalada linasema jambo moja na nyimbo zinasema jingine. Akiliuliza swali hilo mapema, ugeni wake utakuwa umeifaa kazi yenyewe, kwa kuwa utakuwa umeirudishia sehemu iliyokuwa imekatwa.