Pa kuiweka ofisi uani

Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ina bustani, lakini ni ya umma: ule uwazi ulio kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba, walioutenga wakoloni ili Uhindini isigusane na Kariakoo ya Waafrika. Mwenye nyumba wa Kariakoo anayetaka ofisi ya kufanyia kazi nyumbani hana bustani, ana uani. Akiutazama uani huo, jicho humpeleka moja kwa moja kwenye eneo linalokabili mlango wa nyuma, kwa kuwa ndipo palipo peupe. Hapo ndipo pasipofaa.

Sababu imo kwenye ramani ya nyumba ya Kiswahili yenyewe. Mbele baraza, katikati ukumbi, vyumba vitatu kila upande, kisha uani ambako jiko, stoo na choo vimeegemezwa kwenye kuta za mpaka. Nyumba zimebanana, kwa hiyo madirisha ya ubavuni hayavuti hewa ya maana. Kinachopoza nyumba ni ukumbi: milango ya mbele na nyuma ikiwa wazi, kusi ya katikati ya mwaka au kaskazi ya Desemba hadi Machi hupenya, na joto hutokea uani, palipo wazi juu. Ukisimamisha chumba hatua mbili tu kutoka mlango wa nyuma, umeziba pua ya nyumba nzima. Vyumba sita vitafukuta ili kimoja kipate meza, na mara nyingi wanaofukuta ni wapangaji, ambao hawakuulizwa.

Ofisi basi ibanwe ubavuni, mlango wake utazame uani. Ubavu upi? Hapo jua ndilo liamue. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini nyuzi 30 hivi kutoka utosini, na upenu wa sentimita 60 unatia kivuli takriban mita moja ya ukuta wa kaskazini. Dirisha limesalimika. Ukuta wa magharibi ni habari nyingine: saa kumi alasiri jua limeshuka, na upenu uleule haufuniki hata nusu mita. Kwa hiyo dirisha kubwa lielekee kaskazini au kusini, magharibi pabaki ukuta mtupu, na juu, chini ya bati, yawekwe matofali ya matundu ili hewa ya moto itoke.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kale, kiyoyozi kinamaliza yote. Kinamaliza ndani. Joto linalotolewa ofisini hutemwa uani, kwa anayepika na anayefua, na umeme ukikatika chumba kisicho na mkondo wa hewa hakikaliki. Kiyoyozi kifungwe kwa anayekimudu, ila kisaidie chumba kilichokaa vizuri.

Kuna la maji pia. Bati la mita 3 kwa 4 likipigwa na mvua ya milimita 50, jambo la kawaida wakati wa masika, linamwaga lita 600 kwenye uani wa saruji usiokunywa kitu. Gata na mfereji vichorwe kabla ya msingi, si baada ya mafuriko ya kwanza. Na kabla ya kumwita fundi, utafutwe mfuniko wa karo: ukijengewa juu, siku ya kunyonya majitaka sakafu mpya itavunjwa. Mchoro unaoonyesha yote hayo ndio wa kupeleka Halmashauri ya Jiji kuombea kibali.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wateja. Mbona ofisi isikae chumba cha mbele? Kwa kazi ya kupokea watu kutwa, ndiyo, ikae huko. Mgeni asiyejulikana hapitishwi ukumbini katikati ya milango ya familia za watu. Lakini Kariakoo chumba cha mbele ni duka, na kodi yake haiachwi kirahisi. Mhasibu, fundi cherehani wa oda au mchoraji ramani anaweza kufanya kazi uani na kumpokea mteja barazani, penye kivuli na benchi tangu nyumba ilipojengwa. Daktari wa meno hawezi.