Taharuki ya Mwanzo wa Filamu na Sauti ya Msimulizi

Mwanzo wa Jaws (1975) hujenga taharuki kwa kuficha: msichana anaogelea usiku, papa haonekani, na muziki wa John Williams ndio unaomkaribia. Je, hali huwaje filamu ya namna hii inaposimuliwa kwa Kiswahili katika kibanda cha video, tuseme Mkata, njia panda ya Handeni? Ni rahisi kudai kwamba msimulizi, kwa mtindo aliouvumisha Lufufu jijini Dar es Salaam, huiua taharuki anapotamka mapema, “Huyu harudi.” Sikubaliani. Mtazamaji haulizi tena nini kitatokea. Anauliza lini, na kungoja huko hutisha zaidi. Hasara iko kwingine: kimya baada ya msichana kuzama. Msimulizi hukijaza maneno, na bahari tulivu iliyokusudiwa kututia hofu hugeuka mandhari tu.