Shylock Nje ya Venisi: Jina la Mhusika Linapogeuka Nomino ya Kawaida

Mkazi wa Nairobi anayeweka rehani hatimiliki ya shamba au logbuku ya gari kwa mkopeshaji wa mtaani husema amekwenda kwa shailoki. Aghalabu hajausoma mchezo wa Shakespeare, The Merchant of Venice, uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Jina la pekee limekwisha kuwa nomino ya kawaida, hata likapata wingi wake: mashailoki. Swali la kihakiki ni hili: mhusika mwenyewe amesalia kwa kiasi gani ndani ya jina hilo?

Matumizi ya mtaani yamehifadhi riba na kitisho. Kuhusu riba, ni kweli kwamba ndiyo kazi ya Shylock. Hata hivyo, mkopo unaoujenga mchezo huu, dukati 3,000 kwa miezi mitatu kwa dhamana ya Antonio, hauna riba. Adhabu ya kutolipa ni ratili moja ya nyama ya mdhamini. Kuhusu kitisho, shailoki wa mtaani ni mwenye nguvu, ilhali Shylock ni Myahudi anayehesabiwa mgeni na sheria za Venisi, aliyetemewa mate na Antonio huyo huyo. Mahakamani anaingia akiwa mdai, anatoka akiwa mshtakiwa: anaamriwa kuwa Mkristo na kuwarithisha mali yake binti aliyemtoroka na mume wa binti huyo. Jina limebeba kisu, likayaacha mate. Mhusika duara amefanywa bapa. Na huko Ulaya na Marekani ubapa huo umetumiwa kuwatusi Wayahudi.

Tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi (1969), ilifuata njia nyingine. Mfanyabiashara mmoja wa anwani ya Kiingereza amegeuzwa wingi, na miaka miwili baada ya Azimio la Arusha neno bepari lilimaanisha mnyonyaji. Hivyo Antonio na wenzake nao wanaingizwa kizimbani. Inaweza kupingwa kwamba anwani hiyo inalifunika jeraha la Shylock kwa suala la tabaka. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini angalau anwani hiyo inaulizia mfumo. Lugha inayoridhika kumwita mkopeshaji mmoja shailoki huyaacha bila jina mambo yaliyomfikisha mdaiwa mlangoni pake.