Jemadari, Jenerali na Mkuu: Uhakiki wa Cheo cha Kijeshi katika Lugha na Fasihi, kwa Mfano wa Makadara

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo wahakiki wa Kiswahili wameyapitia juujuu ni majina ya vyeo vya kijeshi. Si ajabu kumsikia mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba jemadari na jenerali ni kitu kimoja, kisha akaendelea na somo. Dai la makala hii ni kwamba maneno hayo hayana uzito mmoja. Kila moja lilikuja na jeshi lake, na kila moja limebeba mtazamo wake juu ya uhusiano wa mwenye silaha na mwananchi. Isitoshe, fasihi ya Afrika Mashariki imemchora kwa undani jenerali wa aina moja, yule aliyepewa cheo na wenzake msituni. Jenerali wa dola imemwacha ama katika sifa ama katika kejeli. Upungufu huo una madhara, kwa kuwa jenerali wa dola ndiye anayekutana na mwananchi wa leo.

Mitaa ya Makadara, mashariki mwa Nairobi, imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu amri za majenerali wa aina zote mbili zimefika huko, na wakazi wake wameishi na matokeo yake.

2. Safari ya maneno

Neno jemadari lilifika pwani kutoka Bara Hindi na Uajemi. Katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar aliweka vikosi vya askari wa Kibulushi Zanzibar, Mombasa na katika miji ya Mrima, na kiongozi wa kikosi cha namna hiyo aliitwa jemadari. Hakuwa mtu mkubwa sana: aliongoza askari wachache, na mara nyingi mishahara yao ilimsumbua kuliko vita. Katika jeshi la Waingereza la India, jemadari alikuwa afisa wa chini kabisa miongoni mwa maafisa wenyeji. Ila katika Kiswahili neno hilo lilikua. Leo jemadari ni kiongozi mkuu wa vita, na neno lenyewe lina harufu ya utenzi na ushujaa.

Afande, kwa upande wake, ni neno la Kituruki lililopitia Misri na Sudan, likaletwa na askari wa Kisudani walioingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Katika miaka ya 1950 lilifanywa cheo rasmi kwa Waafrika ambao Waingereza hawakutaka kuwapa uafisa kamili. Idi Amin alikuwa mmoja wao. Leo nchini Kenya ni neno la kumwitikia askari polisi barabarani. Amiri ni la Kiarabu, nalo limebaki katika cheo cha Rais, Amiri Jeshi Mkuu.

Jenerali lilikuja mwishoni, kutoka Kiingereza, na lina jambo ambalo mengine hayana. Huko lilikotoka ni jina na ni sifa pia. Kiswahili kimelitafsiri kwa njia mbili: linaposimama kama cheo cha jeshi, limeachwa kuwa jenerali, linapofuata cheo cha kiraia, limekuwa mkuu, kama katika Mkurugenzi Mkuu au Katibu Mkuu. Kwa hiyo Kiswahili kinaweka mpaka kati ya kambi na ofisi mahali ambapo Kiingereza hakiuweki. Umuhimu wa mpaka huo utaonekana mbele.

3. Majenerali wa msituni na mitaa ya reli

Makadara haiwezi kutengwa na historia ya reli na ya vita. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Si mbali, soko la Burma huwakumbusha wapita njia vita ambavyo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana, na jina la Kariokor limebaki kuwa ukumbusho wa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alipitia njia zote mbili: alipigana Burma akiwa koplo, kisha akafanya kazi ya kuchochea moto katika injini za reli. Alipoingia msituni, koplo yule akawa jenerali.

Mhakiki asilichukulie jambo hilo kuwa kichekesho. Wapiganaji wa Mau Mau walijipa vyeo vya jeshi lilelile lililowanyima vyeo. Juu ya vyeo hivyo waliweka majina ya mbali: China, Tanganyika, Kassam. Karatasi za serikali ya kikoloni mara nyingi ziliwaita majenerali wa kujitawaza. Lakini cheo chochote cha jeshi hutegemea wanaokubali kutii, na katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walikuwako wa kutii. Hata mwanamke alifika ngazi ya juu: Muthoni wa Kirima, aliyefariki Septemba 2023, aliitwa Fildi Masho.

Tarehe 24 Aprili 1954 jenerali wa aina ya pili aliingia mitaa ya mashariki. George Erskine, jenerali wa Malkia, alianzisha Operesheni Anvil, yaani Fuawe, akitumia askari na polisi wapatao 25,000. Mitaa ilizingirwa, wanaume wakapangwa mistari na kuchujwa, na maelfu yao wakapelekwa vizuizini. Siku hiyo mkazi wa mashariki mwa Nairobi alijifunza maana mbili za neno moja. Jenerali mmoja alikuwa mtu wa reli aliyefahamika kwa jina la siri. Mwingine alikuwa na magari, karatasi na sheria.

Majina ya mitaa yenyewe yanatatiza zaidi. Mbotela na Ofafa, mitaa miwili inayojulikana sana Makadara, ilipewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika miaka ya 1952 na 1953. Serikali iliwahesabu kuwa wahanga wa Mau Mau. Hawakuwa wanajeshi, walikuwa watu wa siasa na wa baraza la jiji. Majina ya majenerali wa msituni yamewekwa kwingineko: Barabara ya Jenerali Waruinge ipo upande wa Pumwani, na ya Jenerali Mathenge ipo Westlands, mahali ambapo mpiganaji wa mwaka 1953 asingeruhusiwa kukaa ila kama mtumishi. Ramani ya jiji ni matini, na mhakiki anayeisoma ataona kwamba mtaa wa wafanyakazi umebaki na kumbukumbu ya raia waliouawa, na mtaa wa matajiri umepewa jina la mpiganaji.

4. Jenerali katika riwaya

Waandishi wa Kenya wamemshughulikia jenerali wa msituni kwa makini ya kutosha, ijapokuwa kwa Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili. Katika A Grain of Wheat (1967), Ngugi wa Thiong'o anamwonyesha Jenerali R., aliyekuwa fundi cherehani kabla ya vita. Umuhimu wake hauko katika mapigano. Uko katika mkutano wa siku ya Uhuru, anaposimama mbele ya watu na kumtaka msaliti ajitokeze. Hapo jenerali amekuwa mtu wa hadhara: cheo chake kinampa haki ya kuuliza, lakini jibu linalotolewa linamzidi nguvu yeye na mkutano mzima. Ngugi anaonyesha kwamba jenerali anaweza kuongoza vita asiweze kuongoza amani.

Meja Mwangi, katika Carcase for Hounds (1974), anachukua njia nyingine. Jenerali Haraka alikuwa chifu kabla ya kuingia msituni, na jeraha linamla polepole huku akitoa amri ambazo wafuasi wake wanashindwa kuzitimiza. Jina lake ni la Kiswahili, nalo linapingana na hali yake: Haraka amelala pangoni, hawezi kwenda. Msomaji wa Kiswahili anaiona tashtiti hiyo mara moja, na msomaji wa Kiingereza huenda asiione kamwe.

Itote mwenyewe aliandika kumbukumbu zake, Mau Mau General, mwaka 1967, akiwa ameshaingia katika utumishi wa Vijana wa Taifa. Kitabu hicho ni ushahidi wa safari ya tatu ya cheo: kutoka koplo wa mkoloni, kuwa jenerali wa wenzake, na hatimaye afisa wa serikali huru.

Kufanikiwa kwa kazi hizi kuna sababu moja. Kila mwandishi anauliza cheo kilitoka wapi, na anamweka jenerali mbele ya watu wanaoweza kumjibu.

5. Jenerali wa dola: sifa, kejeli na ukimya

Hali ni tofauti tukimtazama jenerali wa dola katika Kiswahili. Utenzi ndio utanzu uliokuwa tayari kumpokea, kwani tangu Utenzi wa Tambuka (1728) umekuwa chombo cha vita na mashujaa. Henry Muhanika aliutumia mwaka 1981 kusimulia Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin. Utanzu huo unamkweza kiongozi wa upande mmoja na kumdhalilisha wa upande wa pili. Hilo si kosa la mtunzi. Ndiyo kanuni ya utanzu. Lakini utanzu wenye kanuni hiyo hauwezi peke yake kumwuliza jenerali aliyeshinda maswali ya siku ya pili.

Kenya nayo ina tukio ambalo fasihi ya Kiswahili haijalitendea haki. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa ngazi za chini wa Jeshi la Anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali. Kambi yao ya Eastleigh ilikuwa jirani wa mitaa ya mashariki. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyependwa kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alilazimishwa na waasi kutangaza mapinduzi hayo redioni. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed aliongoza vikosi vilivyokikomboa kituo cha redio, na baadaye, kuanzia mwaka 1986, akawa Mkuu wa Majeshi. Hapa kuna mambo ambayo mwandishi wa tamthilia angeyatafuta: askari wa cheo cha chini anayetaka kuwa juu ya majenerali, jenerali anayelinda dola, na kati yao sauti ya raia aliyezoea kuwafundisha watu ungwana. Kwa wasomaji wa Kiswahili jina la Mbotela lina uzito wa ziada, kutokana na Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, na kwa wakazi wa Makadara ni jina la mtaa.

6. Jenerali katika utawala wa jiji

Mwaka 2020 mpaka kati ya jenerali na mkuu ulivukwa waziwazi. Februari mwaka huo majukumu ya afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na mipango yaliondolewa mikononi mwa serikali ya Kaunti ya Nairobi, na Machi Meja Jenerali Mohamed Badi wa Jeshi la Anga akawekwa kuongoza idara mpya ya huduma za jiji. Kwa Kiingereza alikuwa jenerali mara mbili, kwa cheo cha jeshi na kwa cheo cha ofisi. Kwa Kiswahili alikuwa Meja Jenerali, tena Mkurugenzi Mkuu. Septemba aliapishwa ili ahudhurie Baraza la Mawaziri. Kesi zilipelekwa mahakamani kupinga mpango huo, na idara ikafika mwisho wake mwaka 2022.

Katika vitongoji vya Mukuru, ambavyo sehemu yake ya Viwandani imo Makadara, kazi ya kipindi hicho haikuwa ya kudharauliwa: barabara zilitengenezwa na visima vikachimbwa jijini. Swali la mhakiki si kama barabara ni nzuri. Ni kama mkazi alikuwa na lugha ya kumwuliza aliyeijenga. Diwani huulizwa kwa kura. Afande huitikiwa. Katiba ya mwaka 2010 inasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia. Lakini mazoea ya lugha yanamfanya jenerali kuwa mtu wa kusifiwa au kunyamaziwa, na mwananchi aliyelelewa na mazoea hayo hujikuta akishukuru mahali alipopaswa kudai.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba jemadari, afande, amiri na jenerali ni maneno ya majeshi mbalimbali, na kwamba kuyachanganya ni kupoteza historia. Imeonyeshwa pia kwamba riwaya zilizofaulu kumchora jenerali zilimweka mbele ya watu wake. Mhakiki na mwalimu wa Kiswahili wanapokutana na cheo hicho, katika utenzi, riwaya au tangazo la serikali, na wakiulize mambo matatu: nani alikitoa, nani anakitii, na mwenye cheo anawajibika kwa nani. Tamthilia ya Kiswahili inayojibu maswali hayo kuhusu jenerali wa dola bado inangojewa, na mtunzi atakayeiandika hatakosa mandhari: anaweza kuanzia Makongeni, kwenye mtaa wa reli.